Laptopu inasema haioni mfumo baada ya kuweka Linux: usikubali ifutwe

SWALI

Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Makambako. Nina HP EliteBook 840 G1 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, diski ya GB 500, Windows 10. Tangu Windows 10 iachwe kuhudumiwa, na mashine yangu haikubali Windows 11, mwenzangu anayefundisha TEHAMA alinishauri niweke Linux Mint 22, mfumo wa bure, pembeni ya Windows. Flashi ilikataa kuanza, akaingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujafunguka, akabadilisha kitu, ikakubali. Tulichagua kuweka Mint bila kufuta Windows. Ilienda vizuri hadi mwisho, ikaniambia nichomoe flashi nibonyeze Enter. Tangu hapo nikiiwasha inaandika: Boot Device Not Found. Please install an operating system on your hard disk. Hard Disk (3F0). Nikirudisha flashi, Mint inafunguka. Nimekutumia picha ya orodha ya patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. Fundi wa hapa mjini anasema diski imekufa, na kama haijafa basi nipigiwe Windows upya. Ndani kuna alama za wanafunzi wangu tangu 2021 na mitihani yote niliyotunga. Nimepoteza?

JIBU

Hujapoteza kitu, Mwalimu. Nimeitazama picha yako mara tatu kabla ya kuandika sentensi hiyo, maana najua utaishikilia. Windows yako ipo, alama zipo, na hata Mint mliyoiweka ipo. Ila nakuomba: kuanzia sasa hadi umalize kusoma, mtu yeyote asikupigie Windows, asifomati, asiguse palipoandikwa Erase. Kwa hali ilivyo, kitu pekee kinachoweza kukupotezea kazi ya miaka yote hiyo ni tiba unayopewa.

Hii ndiyo orodha iliyomo kwenye picha yako, nimeinakili ili tuisome pamoja:

sda 465.8G
sda1 100M vfat
sda2 16M
sda3 300G ntfs
sda4 530M ntfs
sda5 1M
sda6 165.1G ext4

Diski iliyokufa kabisa haitoi orodha kama hii. Haionekani, au inaonekana ikiwa na ukubwa wa ajabu. Hiyo sda3 yenye GB 300 ndiyo Windows yako, diski C unayoijua. Imeandikwa ntfs, na hiyo nayo ni habari njema: ingekuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, mahali hapo pangesomeka BitLocker, na tungehitaji ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuona faili hata moja. Wewe huna kizuizi hicho. sda6 ndiyo Mint. sda4 ni sehemu ambayo Windows hujiwekea vifaa vya kujirekebishia, na sda2 huachwa tupu na Windows yenyewe, usiihesabu.

Vimebaki viwili: sda1 ya MB 100 na sda5 ya MB 1. Ugonjwa wote umo katika hivyo viwili.

Kompyuta ina njia mbili za kuutafuta mfumo ikishawashwa. Ya kwanza ni ya zamani, ilikuja na kompyuta za IBM za miaka ya 1980. Baiosi inasoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu: 446 ni maelekezo ya kuanzia, 64 ni orodha ya patisheni zisizozidi nne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Ikiona alama, inayatekeleza maelekezo bila kuuliza swali lolote. Njia hii ndiyo inayoitwa Legacy. Ya pili ni UEFI. Ilianzia Intel ikiitwa EFI, na tangu 2005 inasimamiwa na umoja wa makampuni mengi. Hii haijali kipande cha kwanza. Inatafuta patisheni ndogo yenye fomati ya FAT, inaingia humo, na kufungua faili la kuanzishia kama unavyofungua faili jingine lolote. Diski inayotumika hivi kwa kawaida hupangwa kwa mtindo wa GPT, ambao hauna kikomo cha patisheni nne.

sda1 yako, yenye MB 100 na vfat, ndiyo patisheni hiyo ya UEFI. Kwa hiyo Windows yako iliwekwa kwa njia ya UEFI.

Sasa tazama sda5. MB 1, haina fomati, haina jina. Kipande kama hiki hakitengenezwi na Windows. Hutengenezwa na kisakinishi cha Linux pale kinapojikuta kwenye diski ya GPT huku mashine yenyewe imewashwa kwa Legacy, kwa sababu GRUB, ile programu inayoianzisha Linux, inahitaji mahali pa kuweka sehemu yake ya pili. Kila aina ya patisheni ya GPT ina namba yake ndefu ya utambulisho, na namba ya kipande hiki ukiigeuza kuwa herufi inasomeka Hah!IdontNeedEFI, yaani siihitaji EFI. Waliokitunga waliacha maneno hayo humo, na kila nikikikuta kwenye mashine ya mtu huwa najua bila kuuliza kilichotokea kwenye baiosi.

Kilichotokea kwako ni hiki. Flashi ilikataa kuanza, pengine kwa sababu ya Secure Boot, ulinzi unaokataa kuanzisha kitu kisicho na sahihi inayoaminika, au mpangilio wa kuanzia. Mwenzako akabadilisha hali ya kuanzia kutoka UEFI kwenda Legacy. Simlaumu, video nyingi za mafunzo zinaelekeza hivyo hivyo. Flashi ikakubali, kwa kuwa flashi ya Mint inaweza kuanza kwa njia zote mbili. Kisakinishi kikaona kimeanzishwa kwa Legacy, nacho kikaiweka Mint kwa Legacy, juu ya diski ambayo Windows yake ni ya UEFI. Mlipochomoa flashi, mashine ikabaki kwenye Legacy. Windows haiwezi kuonekana kwa njia hiyo, maana mlango wake uko sda1 na Legacy haipiti huko. Mint ilipaswa kuonekana, lakini baiosi nyingine zikiwa kwenye Legacy hutaka pia kuona patisheni moja imetiwa alama kwamba ndiyo hai, na kipande cha kwanza cha diski ya GPT kwa kawaida hakina alama hiyo. Basi ikatafuta, ikakosa, ikaandika 3F0.

Kwa hiyo 3F0 haisemi diski imekufa. Inasema: nimetafuta pa kuanzia, sijapaona. Diski iliyokufa inaweza kuleta maneno hayo hayo, ni kweli, na ndiyo maana fundi wako alisema alivyosema. Lakini alipaswa kutazama kabla ya kutamka.

Hili linaniuma, nami nina sababu. Mwaka 2014, nikiwa bado najifunza kazi, mzee mmoja aliniletea laptopu yenye ujumbe wa namna hii. Nilifanya nilichofundishwa: nikapiga Windows upya, nusu saa imekwisha, nikampokea pesa yake. Alipoiwasha pale pale mezani aliuliza kwa upole, "Na zile sauti?" Zilikuwa rekodi za marehemu mkewe akiimba kwaya, na hazikuwa mahali pengine popote. Nilijaribu programu za kufufua faili siku nne nzima. Nilipata vipande vya sekunde chache. Baadaye sana, nilipoielewa UEFI, nikagundua kwamba laptopu ile haikuwa na ubovu wowote. Kilichohitajika ni kubadilisha neno moja kwenye baiosi. Tangu hapo sifuti diski ya mtu kabla sijaifungua na kuona kilichomo.

Tuanze na kunakili, kabla ya kurekebisha chochote. Washa kwa flashi kama ulivyokuwa ukifanya. Mint ikifunguka, fungua lile folda la Home, na upande wa kushoto utaona diski ya GB 300. Ibonyeze, ingia Users, kisha jina lako, kisha Documents au Desktop. Chomeka flashi nyingine au diski ya nje, nakili folda zako zote za alama na mitihani. Nakili, usihamishe. Diski ikifunguka lakini ikakataa kuandikwa, usijali, maana Windows huenda ililala badala ya kuzima. Kusoma na kunakili kunawezekana. Kisha fungua faili moja la alama kwa LibreOffice, ambayo imo humo humo kwenye flashi ya Mint. Ukiona majina ya wanafunzi wako kwenye kioo, utalala usingizi leo.

Ukiwa bado hapo, tupime na afya ya diski, ili neno la fundi tulijibu kwa ushahidi. Kwenye menyu ya Mint andika Disks, chagua diski yako, fungua ile menyu ya vitone vitatu juu na uchague SMART Data. Tafuta mistari miwili: Reallocated Sector Count na Current Pending Sector Count. Yote ikiwa sifuri, diski yako ni nzima kwa kadiri inavyojijua. Huo wa pili ukizidi sifuri, kuna sehemu diski inashindwa kuzisoma. Hapo mpango unabadilika, unanakili kila kitu na kununua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, ambayo kwenye 840 G1 inaingia mahali pa hii hii bila kukata wala kuchonga. Kusema kweli, hata diski ikiwa nzima, SSD ndiyo kitu cha kwanza ningekushauri ununue kwa mashine ya umri huo. Lakini hilo si la leo.

Sasa tiba. Zima kabisa, chomoa flashi. Washa huku ukigusa Esc mfululizo mpaka menyu ya HP itokee, kisha F10 kuingia kwenye baiosi. Tafuta ukurasa wenye Boot Options. Kulingana na toleo la baiosi utaukuta chini ya Advanced au System Configuration. Humo kuna Boot Mode yenye machaguo matatu: Legacy, UEFI Hybrid (With CSM) na UEFI Native (Without CSM). Naamini utakuta imekaa kwenye Legacy. Weka UEFI Native. Hybrid nayo ingeweza kufanya kazi, ila inaiacha milango yote miwili wazi, nasi tunataka flashi isipate nafasi ya kupitia ule mbaya tena. Hifadhi kwa F10, toka.

Hapa kuna jambo limewakwamisha watu wengi, kwa hiyo soma polepole. HP ikiwaka tena inaweza kuonyesha skrini nyeusi yenye maneno Operating System Boot Mode Change, na chini yake namba ya tarakimu nne. Hakuna kisanduku cha kuandikia, hakuna mshale unaowaka na kuzima. Andika tu hizo tarakimu nne kwa vitufe vya namba vilivyo mstari wa juu, hutaziona zikitokea, kisha Enter. Ukibonyeza Esc, au ukiizima kwa kudhani imeganda, mabadiliko yanatupwa na unarudi ulikokuwa. Nimeona watu wamebadilisha baiosi mara sita wakidhani inawakatalia, kumbe kila mara walikuwa wanairuka namba hii.

Ukimaliza hapo, Windows yako inatakiwa ifunguke kama siku zote. Ndiyo maana nilikwambia hujapoteza. Ikiwa unataka kuishia hapo, unaweza; una mashine inayofanya kazi, na Mint imelala tu kwenye GB 165 bila kumsumbua mtu. Ila Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu inayoshika alama za wanafunzi huku ikiingia intaneti inastahili mfumo unaopata marekebisho ya usalama. Mint 22 imeahidiwa kuhudumiwa hadi 2029. Mwenzako alikushauri vizuri, na ningependa umalizie safari.

Kabla ya kutoka Windows, zima ile tabia yake ya kulala nusu. Fungua Command Prompt kwa kubonyeza kulia na kuchagua Run as administrator, andika:

powercfg /h off

Bila hivyo, kila ukizima Windows inaiacha diski C kama mlango ulioegeshwa, na Mint itakataa kuandika humo. Kisha zima.

Chomeka flashi ya Mint, washa, Esc, halafu F9. Chagua jina la flashi. Kwa kuwa sasa mashine iko UEFI Native, haina njia nyingine ya kuianzisha. Kuna dalili ya macho pia: kwenye Legacy, Mint huanza na picha inayohesabu sekunde kumi, kwenye UEFI huanza na orodha ya maandishi kwenye weusi, mstari wa kwanza ukiwa Start Linux Mint. Flashi ikikataa kabisa kuonekana, rudi kwenye baiosi uhakikishe Secure Boot imezimwa, na Boot Mode usiiguse.

Mint ikifunguka, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

ls /sys/firmware/efi

Ukiona majina kadhaa, uko UEFI. Ukijibiwa No such file or directory, bado uko Legacy. Usiendelee, rudi kwenye baiosi. Amri hii moja huchukua sekunde mbili, na kama ingeandikwa siku ile ya kwanza kabla ya kubonyeza Install, barua yako nisingeipata. Nawaomba wanaowasaidia wenzao kuweka Linux waizoee.

Kisha tazama mlango wenyewe:

sudo mount /dev/sda1 /mnt
ls /mnt/EFI

Utakuta folda la Microsoft na jingine la Boot, labda na la HP. Hutakuta folda linaloitwa ubuntu, na hilo ndilo linalokosekana. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo hata faili zake za kuanzia hukaa kwenye folda la jina hilo. Usitafute lililoandikwa mint. Andika sudo umount /mnt kuufunga.

Kulileta folda hilo kuna njia mbili. Kwa mtu mwenye uzoefu ningesema aifute Mint, yaani sda5 na sda6, aiweke upya akiwa kwenye UEFI, kwa kuwa ina siku chache na haina kitu cha thamani ndani. Kwako sitaki hiyo. Kufuta patisheni kwa mkono uliochoka, ukiwa na sda3 pembeni yake, ni hatari nisiyotaka uibebe. Tumia Boot Repair, ambayo imo tayari kwenye flashi ya Mint; iandike kwenye menyu itatokea. Unganisha intaneti kwanza, hata ya simu kwa waya wa USB inatosha, kwa sababu itahitaji kupakua GRUB ya UEFI ichukue nafasi ya ile ya Legacy. Chagua Recommended repair. Inaweza kukupa amri mbili tatu za kunakili na kuziweka kwenye terminali; zinakili kama zilivyo, zinaiondoa GRUB ya zamani na kuingiza mpya. MB 100 za sda1 zinatosha kabisa, faili zenyewe ni za megabaiti chache.

Ikimaliza, rudia ile amri ya mount na ile ya ls. Folda la ubuntu likiwepo, kazi imekwisha upande wa diski. Hakikisha na upande wa mashine:

sudo efibootmgr

Utaona orodha, kwa mfano Boot0000 Windows Boot Manager na Boot0001 ubuntu, na juu yake BootOrder ikionyesha nani anaanza. Kama Windows iko mbele, na namba ni hizo, unaibadilisha hivi:

sudo efibootmgr -o 0001,0000

Namba zako zinaweza kuwa tofauti. Tumia zilizoko kwenye kioo chako.

Nikutahadharishe kuhusu HP. Mashine zake nyingi za miaka hiyo zina mapenzi na Windows: unaipanga ubuntu mbele, ukizima na kuwasha inafungua Windows kana kwamba hukusema kitu. Ikitokea, usidhani umekosea. Ingia F9 na uichague ubuntu kwa mkono uone kwamba inafunguka. Ikifunguka, rudi kwenye baiosi, pale pale kwenye Boot Options, utafute Customized Boot. Hapo HP wanakuruhusu kuandika njia ya faili la kuanzia mwenyewe. Andika:

\EFI\ubuntu\shimx64.efi

kisha uipandishe Customized Boot iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa UEFI. Angalia mistari imelalia upande huo wa Windows. Faili hilo la shim limetiwa sahihi ya Microsoft, kwa hiyo hata siku ukitaka kuiwasha Secure Boot tena litakubaliwa.

Kuanzia hapo kila ukiwasha utapata menyu ya GRUB yenye Mint na Windows. Windows isipoonekana humo, ingia Mint, fungua faili /etc/default/grub kwa haki za msimamizi, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, hifadhi, kisha uandike sudo update-grub.

Kuna maswali ya jirani ambayo watu huyachanganya na la kwako, niyapitie haraka kwa faida ya wengine. Kama nembo ya Mint inatokea halafu kioo kinakuwa cheusi, mfumo umeshapatikana na tatizo ni kadi ya picha. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset, kisha F10. Kama laptopu ni mpya na kisakinishi hakioni diski kabisa, mara nyingi diski iko chini ya mfumo wa Intel wa RST au VMD. Usiizime kwa haraka kwenye baiosi, maana Windows iliyokwisha kuwekwa inaweza kugoma na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na kama 3F0 inarudi kila mashine ikikaa bila chaja, huku saa ikirudi miaka ya nyuma, kibetri cha saa kilichoko ndani kimekwisha na baiosi inasahau ulichoiambia. Kibadilishwe, hakuna programu itakayokitibu.

Jambo la mwisho ni la kwako, kwa sababu unaishi kwa kengele. Linux huihifadhi saa ya mashine kwa majira ya UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huihifadhi kwa saa ya mahali ulipo, na sisi tumetangulia UTC kwa saa tatu. Unaweza kutoka Mint saa nne asubuhi, ukafungua Windows ikakwambia ni saa moja. Ikitokea, ingia Mint uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

kisha uirekebishe saa ya Windows mara moja, zitapatana. Folda la ubuntu lisipotokea baada ya Boot Repair, nitumie picha ya kile kinachoandikwa na efibootmgr, na nyingine ya ukurasa wa Boot Options, vyote viwili kwa pamoja.